Chui ao mondo? Angalia masikio mbele ya kutoa makuta

Siku ya paie, kamarade mumoja wa equipe yetu alirudi kwake Kikula na kitunga kimefunikwa na kitambaa. Akanipigia telefone: "Yaya, kuya mbio uone. Niliuza mutoto ya chui!" Kijana mwenye kuchoma makala alikuwa amemuuzishia kando ya barabara, akimuambia kwamba mu Lubumbashi kuko wageni wenye kulipa na dollar. Kamarade alitoa nusu ya mushahara wake.

Nilifunua kitunga. Kanyama kadogo, rangi ya majani makavu, matone meusi. Lakini masikio yalikuwa makubwa na yamesimama, miguu mirefu, mukia mufupi. Nikamuambia: "Mudogo wangu, hii haiko chui. Njo mondo, ile Wafaransa wanaita serval."

Tangu ile siku wengine wawili wameniuliza mambo kama hayo. Basi, tujue kutofautisha.

Chui iko na matone kama maua: duara nyeusi, na katikati rangi inageuka. Masikio yake ni mafupi, mukia ni murefu. Dume inaweza kupita kilo 60. Njo kichwa chake kiko ku alama ya Repubulika, na njo jina la timu yetu ya taifa iliyobeba Kombe la Afrika mara mbili, 1968 na 1974. Duma, ao guépard, iko na mustari mweusi toka jicho mpaka kinywa, kama mutu mwenye kulia. Simba kila mutu anaijua, hata kama wazee wetu njo waliiona zaidi. Mu Upemba, park iliyoanzishwa 1939, imepungua sana.

Mondo ni ya kilo 9 mpaka 18. Ukipima na mwili wake, hakuna paka yenye miguu mirefu kuipita. Inasimama kimya mu majani, inasikiliza panya chini, halafu inaruka juu na kuiangukia. Mwenye shamba la mahindi asiiue: inamulindia chakula.

Kanu na fungo (genette na civette) ziko na matone pia, lakini haziko jamaa ya paka hata kidogo.

Sasa, ile hadithi ya dollar inatoka wapi? Mu Marekani, mwaka 1986, kulizaliwa mutoto wa mondo dume na paka jike ya nyumbani. Toka pale walitengeneza aina ya paka kubwa wanaita Savannah, na matajiri wanailipia maelfu ya dollar. Iko pia Maine Coon, paka ya nyumbani kabisa lakini dume yake inafika kilo 8. Moja ilipimwa 2010, santimetre 123 toka pua mpaka mwisho wa mukia. Lakini wale wanazalisha paka zao kwao, na karatasi zao. Hawangojee kitunga cha Likasi. Australia yenyewe ilikataza kuingiza Savannah tangu 2008, kwa kuogopa zitamaliza nyama zao ndogo za pori.

Kwetu, sheria ya 11 Februari 2014 juu ya kulinda viumbe haichezeke. Chui na simba zinalindwa kabisa, na ngozi zao pia. Ukikamatwa na kitunga barabarani, yule kijana wa makala hatakuwa pale. Ni wewe utaingia mu boloko, na bibi yako njo atatafuta avoka.

Tena tuambie wale wenye kukata miti: ukikuta watoto wa mondo ao wa chui mu majani, mama hakuwatupa. Amewaficha, ameenda kuwinda. Uache, uondoke.

Kwa kamarade yetu, mambo yaliisha vibaya. Walipa kanyama maziwa ya ng'ombe. Siku ya tatu kaliuma binti yake ku mukono. Siku ya ine kakafa. Tulichanga makuta ya vaccin ya rage. Mama zetu, mushike hii: mutoto akiumwa na paka, imbwa ao nyama ya pori, osha kidonda na maji na sabuni dakika 15, halafu hopitali siku ile ile. Usingojee. Rage ikisha kuonekana, haina dawa.

Leo kamarade iko na paka ya kawaida, ile yenye kulala karibu na mbabula. Nayo ni ya ukoo mukubwa: babu zake ni paka wa pori waliofuata panya mu gala za wakulima wa Mashariki ya Kati, karibu miaka 10.000 iliyopita. Hakuilipia hata franka moja. Mufuko wa bunga hautobolewe tena.