Gari la mzee linadondosha oili?
Wana, tangu Mei 2018 gari linalovuja oili kupita kiasi linaweza kuanguka MOT hapa Uingereza. Lakini msikimbilie kuilaumu sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Oili hushuka, upepo nao huisukuma nyuma. Pengine inatoka gasketi ya juu kabisa. Osha injini, endesha kidogo, kisha chungulia penye unyevu mpya. Mara nyingi ni washa tu ya nati ya kumwagia oili, bei yake haifiki kikombe cha chai. Nati za sampu usizikaze kwa hasira, utapinda ukingo. Tundu la kutu? Mwaga oili, piga msasa, futa mafuta yote, paka gundi ya epoksi, iache masaa 24. Na jeki peke yake haitoshi, jamani: stendi kwanza, ndipo uingie chini.