"Chama ameisha?": Ubishi wa Jumapili moja Alief

Jumapili ya Januari 21, 2024, nilitoka zamu ya usiku saa moja na nusu asubuhi, nikaendesha gari moja kwa moja hadi Alief bila kupitia kwangu. Dada yangu na mumewe wanaishi kwenye apatimenti za kando ya Bissonnet, si mbali na Beltway 8, na siku hiyo walikuwa wamealika watu kuja kuangalia AFCON. Nilikuwa bado nimevaa nguo za kazi. Mlangoni nikapokewa na harufu ya supu ya mbuzi na kelele za jirani yetu Mkongomani kutoka Uvira, kwa sababu Morocco walikuwa wameshawafunga Congo bao la mapema.

Kwa walio mbali na Houston, niseme kidogo kuhusu Alief. Ni upande wa kusini-magharibi mwa jiji. Ukiendesha Bellaire Boulevard unapita mabango ya Kivietinamu, kisha maduka ya Wanaijeria, kisha bucha la halali ambamo ukisema "shikamoo" kwa sauti, lazima mtu mmoja ageuke. Asubuhi ile Wamarekani wa jengo lile walikuwa wamenuna. Jana yake Texans walichapwa 34-10 na Ravens kule Baltimore, msimu wao ukaishia hapo. Sisi tulikuwa na msiba wetu mwingine unakuja, ila hatukuujua bado.

Congo walisawazisha kupitia Silas, ikawa 1-1, jirani akakumbatia kila mtu. Saa tano asubuhi kwetu, saa mbili usiku nyumbani, ikafika zamu ya Taifa Stars na Zambia kule San Pedro, Ivory Coast. Katikati ya mechi hizo mbili kulikuwa na chapati, chai ya tangawizi, na ubishi ambao ndio ulionifanya niandike haya.

Ubishi ulikuwa wa mtu mmoja: Clatous Chama, Mwamba wa Lusaka.

Wasomaji wasiofuatilia soka wanivumilie. Chama ni Mzambia, kiungo mshambuliaji, aliyejiunga na Simba mwaka 2018. Desemba ya mwaka huo aliwafunga Nkana bao la kisigino lililoipeleka Simba hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Machi 2019 akawafunga AS Vita dakika za mwisho, Simba ikaingia robo fainali. Mwaka 2021 aliuzwa RS Berkane ya Morocco, na Januari 2022 akarudi Msimbazi. Machi 18, 2023, Simba ilipoifunga Horoya ya Guinea 7-0 kwa Mkapa, matatu yalikuwa yake. Kwa mashabiki wa Simba alikuwa zaidi ya mchezaji. Watoto wamepewa jina lake.

Halafu kiwango kikashuka, au tukaona kimeshuka. Aprili 2023 alikosa penalti kule Casablanca, Simba ikatolewa na Wydad. Novemba 5, 2023, Yanga ikaifunga Simba 5-1. Desemba klabu ikamsimamisha yeye na Nassor Kapama kwa madai ya utovu wa nidhamu. Mwezi uliofuata yuko AFCON na jezi ya Zambia, na wapinzani wake ni sisi.

"Mwacheni aanze," shemeji yangu alisema, naye ni Msimbazi wa damu. "Chama ameisha. Leo huyo ndiye mchezaji wetu wa kumi na mbili."

Watu wakacheka. Bibi mmoja wa Tanga, aliyekuja kumtembelea binti yake, ni Yanga tangu ujana wake. Yeye alieleza kwa utaratibu kama mwalimu. Mtu ana miaka 32. Mpira wa siku hizi ni kukimbia na kukaba, na Chama akipoteza mpira anasimama kuutazama unavyokwenda. "Zamani mlikuwa na watu wa kumkabia. Sasa nani anamkabia?"

Kijana mmoja mwanafunzi akapinga. Alisema mpiga pasi huonekana mzuri kama kuna mtu wa kuikimbilia pasi. Chama wa mwanzo alikuwa na Meddie Kagere mbele yake, mfungaji bora wa ligi misimu miwili mfululizo kwa mabao 23 na 22. Alikuwa na John Bocco. Alikuwa na Luis Miquissone pembeni, aliyeuzwa Al Ahly mwaka ule ule wa 2021. Tena hesabuni makocha: Aussems, Sven, Gomes, Pablo, Maki, Mgunda, Robertinho, sasa Benchikha. Kila mmoja na mpira wake. "Mtu unabadilishiwa bosi kila mwaka, halafu unaulizwa mbona hufanyi kazi kama zamani?"

"Hivyo ni visingizio," shemeji akamkata. "Kiwango kikishuka kimeshuka. Mimi naona hata humu ndani." Akaonyesha kwa kidevu upande wa mwanawe, mpwa wangu wa miaka ishirini. "Huyu hapa. Dar alikuwa wa kwanza darasani kila muhula. Hapa anatuletea C na F. Naye ameisha?"

Lilikuwa neno la utani. Wawili watatu wakacheka. Mpwa wangu naye alicheka, kisha akakusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chapati na kuzipeleka jikoni.

Mimi ni muuguzi. Nilianza na stashahada nyumbani, shahada nikaichukua huku, na miaka yote hiyo nimefundishwa jambo moja kwa njia mia. Usimhukumu mgonjwa kwa kipimo kimoja. Presha ikisoma juu, unapima tena, unaangalia ilisomaje jana na juzi, unauliza amelala, ana maumivu, amekunywa dawa, amepandishwa ngazi sasa hivi? Na kila mtu unamlinganisha na hali yake ya kawaida. Siku yake bora kuliko zote haiwezi kuwa ndiyo kipimo cha kila siku. Tukimpima Chama kwa siku ya Horoya, kila Jumamosi ataonekana mgonjwa. Na kijana aliyekuwa wa kwanza darasani Dar, kwenye nyumba aliyozaliwa, akisoma na watu aliowajua tangu chekechea, hapimwi kwa mizani hiyo akiwa mwaka wa pili wa chuo Houston.

Nikamfuata jikoni. Alikuwa anaosha sahani zilizokwisha kuoshwa.

"Mama mdogo, niko sawa."

"Sijakuuliza kama uko sawa. Unalala saa ngapi?"

Alinyamaza. Kisha akaniambia. Tangu Agosti alikuwa anafanya kazi ghalani usiku minne kwa wiki, anatoka saa nane usiku. Darasa la kwanza saa mbili asubuhi. Mama yake alijua ana kazi, lakini hakujua saa anazotoka. Kodi ya nyumba ilikuwa imepanda, akawa anaongezea dola kadhaa kimya kimya na kusema ni malipo ya ziada ya mwisho wa juma. Hakumwambia baba yake kwa sababu baba angesema aache, na akiacha, pengo la kodi lingezibwa na nani?

Nikamuuliza kama naweza kuwaambia wazazi. Akafikiri kidogo, akasema, "Waambie, lakini si mbele ya watu."

Tuliporudi sebuleni Stars ilikuwa inaongoza. Dakika ya 11 Samatta alimpa pasi Msuva, Msuva akafunga, na jengo zima likajua kuna Watanzania ndani yake. Kabla ya mapumziko Roderick Kabwe wa Zambia akaonyeshwa kadi nyekundu. Wapinzani wakabaki kumi. Tanzania haikuwa imewahi kushinda mechi hata moja kwenye fainali za AFCON, si 1980, si 2019. Kocha Adel Amrouche alikuwa amefungiwa siku chache kabla, na benchi alikuwepo Hemed Morocco. Kipindi cha pili tulikitazama tukiwa tumesimama. Dakika ya 80. Ya 85. Dada akaanza kusali kwa sauti.

Dakika ya 88 Zambia walipata kona. Chama akaenda kuupanga mpira kwenye kibendera.

"Sasa huyo ndiye," shemeji alisema, lakini sauti yake ilishabadilika.

Kona ikaja pale pale inapotakiwa, Patson Daka akaruka, akapiga kichwa. 1-1.

Hakuna aliyesema kitu kwa muda mrefu. Bibi wa Tanga ndiye aliyevunja ukimya: "Mwamba wenu huyo. Ameisha."

Siku tatu baadaye Stars ilitoka sare ya 0-0 na Congo, jirani akashangilia kwa adabu, nasi tukatolewa. Zambia nao walitolewa.

Watu walipoondoka mchana ule, nilikaa na dada na shemeji mezani. Nikawaeleza kama ninavyompokeza mwenzangu zamu, bila kulaumu: kijana analala saa nne kwa usiku, tangu Agosti, na hizi ndizo sababu. Shemeji alichezea funguo za gari. Hakuwa na neno. Dada alilia kidogo, hasa aliposikia habari ya kodi. Baadaye shemeji aliinuka, akaenda hadi mlango wa chumba cha kijana, akagonga. Katika nyumba ile baba huwa hagongi. Nilimsikia akiuliza, "Mwanangu, kwa nini hukuniambia?" Mengine hayakunihusu, nikaenda kulala.

Sitaki kusema kwamba kuulizwa kulimaliza kila kitu. Ghala lilimpunguzia hadi usiku miwili. Alikwenda kuonana na mshauri wa masomo, akaacha somo moja kabla ya tarehe ya mwisho ili lisimharibie rekodi, na akalihamishia majira ya joto. Muhula wa machipuko alimaliza na B kadhaa na C moja. Wa kwanza darasani hajawa tena, na pengine hatakuwa.

Ndugu zangu wanafunzi mnaosoma kwa viza ya F-1, ninyi msiache somo kabla ya kuzungumza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Ukishuka chini ya idadi ya masomo inayotakiwa bila idhini, shida yako itatoka kwenye alama na kuingia kwenye viza. Kazi ya nje ya chuo bila kibali nayo ni hatari ile ile, na kazi ya ndani ya chuo ina kikomo cha saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Vyuo vingi vina ofisi ya ushauri nasaha kwa wanafunzi. Kwenda huko si kuwa mwendawazimu, ni kama kwenda kupima presha.

Nanyi wazazi na walezi, kabla hamjatoa hukumu ulizeni maswali matatu ya wodini: analala saa ngapi, anakula nini, na nini kimebadilika tangu alipokuwa sawa. Ulizeni faraghani. Utani wa sebuleni mbele ya wageni haumfanyi mtu ajibu, unamfanya aoshe sahani safi.

Na Chama je? Julai 1, 2024, Yanga ikamtangaza kuwa mchezaji wake, na hapa Alief ubishi ukageuka kichwa chini miguu juu kwa siku moja. Waliosema ameisha wakasema ameibiwa. Waliowacheka "makolo" kwa kumng'ang'ania mzee wakaanza kusema ana miaka mitatu zaidi ya mpira mguuni. Jangwani alikuta nafasi ya kiungo mshambuliaji ina Stephane Aziz Ki na Pacôme Zouzoua, na msimu ulipoisha Yanga ikiwa bingwa, mwaka 2025 yeye akahamia Singida Black Stars. Pengine bibi wa Tanga alikuwa sahihi tangu mwanzo kuhusu miguu. Miaka haibishaniwi, na viwango hushuka kweli. Lakini jicho la kona ile lilikuwa halijashuka, na sisi tuliokuwa tumejaa sebuleni tulikuwa tumeshamzika mtu mzima na vyote alivyo navyo kwa sababu kimoja kati ya hivyo kilipungua.

Bado tunakutana kuangalia mpira. Juzi shemeji, akimtazama kiungo mmoja wa Simba akipoteza pasi ya tatu, alisahau na kupaza sauti, "Huyu naye ameisha!"

Mpwa wangu alikuwa kwenye kochi na kitabu chake. Hakuinua hata kichwa.

"Baba, analala saa ngapi?"