Kupanga Tiba ya Ukuaji kwa Watoto Njiti katika Wodi za Uangalizi Maalumu: Nafasi ya Mama katika Mpango

Makala haya yanafafanua namna mpango wa tiba ya ukuaji unavyoandaliwa kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito, angali katika wodi ya uangalizi maalumu. Hoja inayotetewa ni kwamba mpango huo hauna budi kuanzia kwenye hali ya mtoto na saa za mama, wala si kwenye ratiba ya mtaalamu. Kadiri vifaa vya kusaidia upumuaji vinavyoenea katika hospitali za Afrika Mashariki, ndivyo wanavyopona watoto ambao zamani hawakutarajiwa kuishi. Na anayepona huenda akabaki na athari za jinsi alivyotunzwa katika majuma yale ya mwanzo.

Mtoto aliye tumboni hukaa amejikunja, amezungukwa na ukuta laini unaomrudisha kila anyooshapo mguu. Azaliwaye katika wiki ya 28 huyapoteza hayo yote kwa siku moja. Misuli yake haijapata nguvu ya kujikunja, hivyo mvutano wa ardhi humlaza miguu imetanuka kama ya chura na mabega yamerudi nyuma. Akiachwa hivyo kwa majuma kadhaa, mkao huo huwa mazoea, na baadaye humwia vigumu kuileta mikono mbele ya uso na kushika vitu. Kinga yake si ghali: khanga au taulo huviringishwa na kuzungushwa mithili ya kiota, mikono ikikaribia kinywa na miguu ikipata pa kukanyagia. Hata hivyo, kiota ni cha wodini, penye anayefuatilia upumuaji. Kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani mtoto huzoezwa kulala chali juu ya godoro lililo bapa.

Heidelise Als, mtafiti aliyefanya kazi Boston, alionyesha katika miaka ya 1980 kwamba mtoto njiti hujieleza kwa mwili. Kutanua vidole, kupiga miayo, kwikwi na kubadilika rangi ni dalili za kuelemewa. Kupeleka mkono kinywani na kutulia macho yakiwa wazi ni dalili za kuwa tayari. Mpango wa tiba husomwa humo. Mtaalamu ajaye Jumatatu na Alhamisi saa nne asubuhi huenda akamkuta mtoto amesinzia punde baada ya kutolewa damu. Akimwamsha ili atimize zamu yake, huwa amemdhuru kwa nia njema. Vivyo hivyo katika kulisha: uwezo wa kuoanisha kunyonya, kumeza na kupumua huanza kujitokeza takriban wiki ya 32 hadi ya 34. Kabla ya hapo hulishwa kwa mpira, huku akionjeshwa maziwa ya mama na kuwekwa kwenye titi lililokamuliwa ili kinywa kijifunze. Kelele nazo zimo katika mpango. Madaktari wa watoto wa Marekani walipendekeza mwaka 1997 zisizidi desibeli 45, kiwango ambacho mlango wa kitotozi unaofungwa kwa kishindo hukivuka.

Ni nani basi awezaye kuzisoma dalili hizo usiku na mchana? Muuguzi mwenye watoto wengi hawezi. Mama aweza, iwapo yupo. Huduma ya kangaruu, iliyoanzishwa na Edgar Rey mjini Bogotá mwaka 1978, ilimweka mama hapo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, ukihusisha Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulionyesha kuwa miongoni mwa watoto wenye uzito wa kilo 1 hadi chini ya 1.8, waliobebwa kifuani mara baada ya kuzaliwa walifariki asilimia 12.0 ndani ya siku 28, ilhali waliosubiri hadi hali itengemae walifariki asilimia 15.7. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mtoto abebwe hivyo kwa saa 8 hadi 24 kila siku. Takwimu hizo zinahusu uhai, hazithibitishi ukuaji wa ubongo. Lakini sharti lake ndilo sharti la tiba ya ukuaji pia. Mama anayelala jengo jingine na kuingia wodini saa za kunyonyesha tu hawezi kulitimiza. Kwa hiyo kitanda chake, kiti cha kuegemea na chakula chake vinastahili kuandikwa katika bajeti ya vifaa vya wodi, safu moja na mashine za oksijeni.

Mpango huendelea baada ya kuruhusiwa. Aliyezaliwa wiki ya 30 amewahi kwa wiki 10. Afikishapo miezi sita, umri wake uliosahihishwa ni miezi mitatu na nusu hivi, na kutokuketi kwake si kuchelewa. Pasipo wiki za mimba kuandikwa kwenye kadi ya kliniki, mhudumu atamtia mama hofu isiyo na msingi, au, kwa mtoto aliyechelewa kweli, atasema tu kwamba ni njiti na kumrudisha nyumbani.