Chimbuko la Kicheko katika Bunilizi ya Kisayansi: Mapendekezo ya Wasomaji na Mipaka Yake

Wapenzi wa bunilizi ya kisayansi yenye ucheshi wanapopendekezeana riwaya, hoja yao kuu huwa kwamba aliyemcheka Douglas Adams atamcheka pia fulani. Pendekezo hilo hukosa shabaha mara kwa mara, na kosa si la ladha peke yake. Riwaya hizo huwekwa kapu moja kwa sababu ya mandhari, yaani vyombo vya angani, roboti na safari katika wakati, ilhali kicheko chake kina machimbuko mbalimbali.

Katika *The Hitchhiker's Guide to the Galaxy*, iliyoanza kama mchezo wa redio ya BBC mwaka 1978 na kutoka kama riwaya mwaka 1979, Dunia inabomolewa kupisha njia ya angani. Tukio lenyewe ni maafa matupu. Kinachochekesha ni rejesta: maangamizi yanatangazwa kwa lugha ya ofisi ya mipango miji, na wanadamu wanalaumiwa kwa kutokwenda kukagua ramani zilizobandikwa katika nyota nyingine. Msomaji aliyevutiwa na hilo akipewa *Redshirts* (2012) ya John Scalzi, huenda asicheke, kwa kuwa riwaya hiyo inakejeli kanuni za tamthilia za televisheni ambamo mabaharia wa anga wa vyeo vya chini hufa kila safari. Asiyezijua kanuni hizo hana cha kucheka.

Kesi ngumu zaidi ni ya Stanisław Lem. Katika *Cyberiada* (1965), mna mashine iwezayo kuunda chochote kinachoanza kwa herufi *n*. Inapoamriwa kuunda "hakuna kitu", inaanza kuufuta ulimwengu. Kipolandi kina *nic* na Kiingereza kina *nothing*, hivyo herufi ikavuka salama. Kiswahili hakina bahati hiyo. Neno la karibu ni *utupu*, na mashine ikihamishiwa herufi *u* itaangukia katika ngeli ya U: itaunda uzee, uvivu, uongo na udugu kabla ya kuunda kitu cha kushikika. Mzaha huo si wa Lem tena, ingawa si mbaya.

Kwa msomaji wa Kiswahili, *Walenisi* (1995) ya Katama Mkangi ndiyo istahiliyo kutajwa mapema, japo kuiita kichekesho cha angani ni kuipunja. Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anarushwa angani katika chombo kilichokusudiwa kumuua, kikamfikisha kwenye jamii yenye haki. Tashtiti yake imejengwa katika jina lenyewe: *wale ni sisi*, sentensi kamili iliyobanwa ikawa nomino ya mahali. Msomaji anayeitamka haraka huona sayari ya wageni. Anayeitenga mofimu kwa mofimu hujikuta yeye ndiye anayezungumziwa.