Kadi ya Bima na Dirisha la Dawa

Mtumishi wa Serikali akaaye Makorora, Tanga, awe mwalimu, karani au mkunga, aitazamapo hati yake ya mshahara kila mwisho wa mwezi huyaona makato ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, nayo aghalabu huyahesabu kuwa ni fedha iliyokwenda bure, mpaka siku maradhi yatakapobisha hodi. Mfuko huo uliundwa kwa Sheria Namba 8 ya mwaka 1999, ukaanza kazi mwaka 2001, na kanuni yake ni nyepesi: asilimia 6 ya mshahara huchangwa, nusu akikatwa mtumishi na nusu akitoa mwajiri. Mwenye mshahara wa shilingi 600,000 hukatwa 18,000, na mwajiri hutoa kiasi kama hicho; kwa mchango huo hupata haki ya kutibiwa yeye, mwenzi wake na wategemezi wasiozidi wanne waliosajiliwa.

Haki hiyo hujumuisha kumwona tabibu, vipimo, kulazwa, upasuaji na dawa. Lakini ni katika dawa ndipo wengi hutatizika. Mgonjwa wa shinikizo la damu, aliyekwisha kupimwa pasipo kutoa hata senti, hufika dirishani akaambiwa kwamba dawa hakuna, naye kwa haya au kwa haraka hutoka akainunua kwa fedha yake, au, akiwa hana kitu, hurudi nyumbani mikono mitupu, ilhali maradhi hayo hayangoji mshahara, bali huendelea kimya kimya kuidhuru mishipa ya moyo, ubongo na figo.

Asiondoke kabla ya kuuliza: je, dawa imekwisha, ama haimo katika orodha ya bima? Ikiwa imekwisha, haki yake haikwisha pamoja nayo. Sharti aombe fomu ya dawa, ijulikanayo kwa watumishi kama 2C, aipeleke kwenye duka la dawa lililosajiliwa na Mfuko, apewe bila malipo. Ikiwa haimo katika orodha, fomu haitamfaa. Na arudi kwa tabibu aulize kama iko nyingine ifanyayo kazi ile ile.

Orodha hiyo haikutungwa kwa ubahili. Tangu mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani limekuwa likitoa orodha ya dawa muhimu, zilizochaguliwa kwa kupima manufaa, usalama na gharama, na Tanzania inayo ya kwake, nayo ndiyo msingi wa ile ya bima. Humo dawa hutajwa kwa jina lake lenyewe, si kwa jina la biashara. Amlodipini, dawa ya shinikizo la damu, ni amlodipini, ijapokuwa kiwanda kimoja huiuza kwa bei maradufu ya kingine, madhali zote zimesajiliwa na mamlaka ya dawa.

Yabaki mambo mawili ya hadhari. Usitie sahihi fomu kabla hujasoma dawa na vipimo vilivyoandikwa humo, kwa kuwa sahihi yako ndiyo shahidi kwamba umevipokea. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na mtoto azaliwapo, au mzazi afarikipo, peleka taarifa kwa mwajiri wako mapema, kwani asiyesajiliwa hatibiwi kwa kadi. Bima si sadaka ya mwajiri. Ni ujira wako uliowekwa akiba, basi uudai kwa adabu, lakini uudai wote.