Usiku wa Kuwakaribisha Wafu Mekoni

Watu wengi wakisikia habari za Halloween, yaani usiku wa tarehe 31 Oktoba, hudhani kuwa ni mchezo wa kutishana tu. Lakini katika nyumba za wakulima wa Ireland, ambako desturi hiyo ina mizizi mirefu, usiku huo ulikuwa na maana kubwa zaidi.

Tangu kale watu wa Ireland walihesabu mwanzo wa majira ya baridi kwa sikukuu iitwayo Samhain. Wakati huo mavuno yamekwisha, na ng'ombe wamerudishwa kutoka malisho ya mbali. Iliaminika kwamba majira yanapobadilika hivyo, roho za wafu hutembea duniani. Baadaye Kanisa liliweka Sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, na ukumbusho wa Marehemu Wote tarehe 2. Desturi za kale zikadumu kando yake.

Jioni hiyo jamaa walikusanyika mbele ya moto. Walikula viazi vilivyopondwa na kabichi, na mkate wa zabibu kavu uliofichwa pete ndani. Aliyeipata pete aliambiwa kwamba atafunga ndoa upesi. Vijana waliweka kokwa mbili karibu na makaa, kwa majina ya wachumba wawili. Zikiungua kwa utulivu, ndoa itakuwa ya amani. Moja ikiruka, watagombana. Tanipu zilichongwa macho na meno, zikatiwa mwanga ndani, ili kuwafukuza pepo wabaya.

Kabla ya kulala, katika nyumba nyingi meko yalifagiwa, moto ukachochewa, viti vikapangwa, na mlango ukaachwa bila komeo. Pepo mgeni aliogopwa, bali marehemu wa nyumba alingojewa, apate kuota moto wa kwao. Mahali pengine jambo hili lilifanywa usiku wa Marehemu Wote.

Mwaka 1845 ugonjwa wa viazi ulileta njaa kuu. Watu wapatao 1,000,000 walikufa, na wengine wengi wakahamia ng'ambo, hasa Marekani. Huko boga, lililo kubwa na jepesi kuchonga, lilishika mahali pa tanipu, na mchezo ukaenea duniani. Siku hizi maduka huuza sura za kutisha na peremende. Lakini wazee wa Ireland waliopanga viti mekoni hawakukusudia kumtisha mtu; walikuwa wakiwawekea nafasi watu wao.