Waranti ya Ziada ya Gari: Soma Kabla ya Kutia Sahihi

Ukinunua gari Marekani, kazi haiishi mkishapatana bei. Unapelekwa ofisi ya mikopo, na hapo, ukiwa umechoka na unataka funguo tu, ndipo inapoletwa waranti ya ziada. Bei yake kamili haitajwi upesi. Unaambiwa rejesho lako litaongezeka dola 53 kwa mwezi, basi. Kwa mkopo wa miaka mitano wenye riba ya asilimia 12, dola hizo 53 ni waranti ya dola 2,400 ambayo itakuwa imekula karibu dola 3,200 siku unapomaliza deni.

Wasomaji wetu wengi waliohamia Texas, Ohio au Minnesota wametoka mahali ambapo gari la mtumba kutoka Japani likishatoka yadi, waranti yake ni fundi unayemwamini. Hofu yao ina msingi: huko ugenini gari likilala gereji, kazi inaweza kupotea. Biashara ya waranti za ziada inaishi kwa hofu hiyo, na ndiyo sababu nasema watu wengi waikatae.

Kwanza, gari jipya tayari lina waranti ya kiwanda. Toyota hutoa miaka 3 au maili 36,000 kwa gari zima, na miaka 5 au maili 60,000 kwa injini na gia boksi. Hyundai na Kia humpa mnunuzi wa kwanza miaka 10 au maili 100,000 kwa injini na gia. Mkataba wa waranti ya ziada wa miaka 7 unaoanza kuhesabiwa siku uliyonunua gari unakuuzia tena miaka ambayo kiwanda kimeshaibeba. Mwaka 2013 jarida la Consumer Reports liliwauliza wanachama wake walionunua mikataba hii, na asilimia 55 walisema hawakuwahi kuitumia kwa tengenezo lolote.

Pili, mkataba mara nyingi si wa kiwanda wala wa muuzaji, bali wa kampuni ya tatu, na kampuni hizo zina historia. US Fidelis ya Missouri, iliyokuwa kubwa kuliko zote katika uuzaji wa mikataba hii, ilifilisika mwaka 2010, na ndugu wawili walioianzisha wakakiri makosa ya jinai mwaka 2012. CarShield, ya jimbo hilohilo, ilikubali Julai 2024 kulipa dola milioni 10 kumaliza mashtaka ya Tume ya Biashara ya Shirikisho kwamba matangazo yake yaliwapotosha wateja kuhusu matengenezo yanayolipiwa. Na zile simu za kukuambia waranti yako inakaribia kwisha? Agosti 2023 Tume ya Mawasiliano iliutoza mtandao mmoja faini ya karibu dola milioni 300 kwa simu zaidi ya bilioni tano zilizopigwa ndani ya miezi mitatu ya mwaka 2021. Ikija simu ya namna hiyo, kata.

Yupo anayefaa kununua: mwenye gari lililokwisha waranti, la aina inayojulikana kwa kuharibika gia au vifaa vya umeme, ambaye hana akiba ya kulipa dola 4,000 kwa mkupuo. Huyo aombe mkataba wenyewe, si kipeperushi, na asome orodha ya vitu visivyolipiwa kabla ya kitu kingine. Aulize anayelipa madai ni nani, kama gereji ya mtaani inakubaliwa, na kila tengenezo yeye atachangia kiasi gani. Kisha apatane bei, kwa sababu bei ya kwanza ina faida nene ya muuzaji.

Sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 inamkataza mtengenezaji kufuta waranti ya kiwanda kwa sababu tu umebadilisha oili kwa fundi wako mwenyewe. Tunza risiti zote, zenye tarehe na maili. Kampuni za mikataba nazo huzidai kabla ya kulipa.

Kama umeshasaini, rudi kwenye ukurasa wa kufuta mkataba. Mikataba mingi hurudisha fedha zote ndani ya siku za mwanzo, na baada ya hapo sehemu ya muda uliobaki. Omba kwa maandishi, ubaki na nakala. Kama waranti ilitiwa ndani ya mkopo, fedha huenda kwa aliyekukopesha na kupunguza deni, hivyo usizitafute kwenye akaunti yako.